Picha ya pembea ya mti na maji nyuma yake: hapa ni wapi? Mama alisema Forodhani, mama mkubwa anasema Mnazi Mmoja

#1 BintiMkunazini
Assalaam alaykum, na habari za saa hizi kwa wote.

Nina picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, kingo zake zimekatwa mawimbi mawimbi. Ilikuwemo ndani ya mkebe wa biskuti wa marehemu mama. Ndani yake kuna pembea ya mti, ile inayozunguka kwa kupanda juu na kushuka, yenye masanduku manne. Katika sanduku la chini ameketi msichana wa miaka sita au saba, gauni jeupe la marinda. Mkono mmoja ameshika ubao, mwengine ameshika kitu ambacho hatujakitambua. Pembeni yupo mwanamme wa kikoi, ndiye anayesukuma, lakini uso wake haumo, umekatwa na ukingo. Nyuma yao maji, na juu ya maji mlingoti mmoja. Kulia kuna shina la mti mkubwa.

Mgongoni mwa picha pameandikwa kwa wino: "M. Mmoja, Idi Pili, 19-8". Tarakimu ya tatu imeliwa na unyevu.

Mama miaka yote akituambia: "Huyu ni mimi, Forodhani." Alizaliwa 1961. Dada yake, mama mkubwa, alizaliwa 1952, anasema huyu ni yeye na hapa ni Mnazi Mmoja. Mjomba anasema wote wawili wamekosea, huyu ni mama yao, yaani bibi yetu, aliyezaliwa 1932. Kwa hivyo mwaka unaweza kuwa 1938, 1958 au 1968, na msichana anaweza kuwa yeyote kati ya watatu. Wanafanana mno.

Binti yangu ana miaka saba sasa. Idi iliyopita nilimpeleka Kariakoo (ya Unguja), nikampandisha pembea ya chuma ya umeme. Alipofika juu akanipigia kelele: "Mama, bibi alipanda hii hii?" Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo maana naandika. Mwenye kuijua pembea ya mti ya zamani anisaidie ilikuwa wapi khasa.

#2 KijanaWaMsasani
Pole kwa kuondokewa na mama, dada. Mimi naona jibu umeshalitoa mwenyewe: M. Mmoja ni Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Sisi tulikua tukijua sikukuu ni Mnazi Mmoja. Wazee wetu walitoka Kariakoo kwa miguu, nguo mpya, mpaka uwanjani.

#3 MzeeWaVuga
Kijana #2, taratibu. Mnazi Mmoja ipo Dar na ipo Unguja, na Kariakoo vilevile ipo kote kuwili, hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Lakini Mnazi Mmoja ya Dar ipo katikati ya Kariakoo na mitaa ya Uhindini. Ukisimama pale huoni bahari hata upande juu ya pembea. Ya Unguja ipo hatua chache kutoka pwani, baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Na kwetu Idi ya Mnazi Mmoja ni siku nne, mosi mpaka nne. Mimi niliikuta, na baba yangu aliikuta.

#4 KijanaWaMsasani
Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye bahari umenipata, narudi nyuma. Ila baba yangu aliniambia kwamba baada ya Mnazi Mmoja watoto walikuwa wakiongozana mpaka Magogoni, kivukoni, kuangalia meli. Huenda mpiga picha alikuwa huko. Nauliza tu.

#5 MvitaAsili
Na Mombasa je, mbona yasahauliwa? Sisi mabembea ya mbao ya kusukumwa kwa mkono twayajua tangu mababu, uwanja wa Makadara, kila Idd. Mkono wa Idd ukishaupata, wakimbilia Makadara mpaka ndururu ya mwisho iishe.

Na maji na mlingoti, hapo naona ni Lighthouse, barabara ya Mama Ngina, ambayo wazee wangu bado waiita Azania Drive. Meli zaingia Kilindini zapita karibu hata wawaona mabaharia. Familia yetu ni vizazi vitatu pale: nyanya alipelekwa na mume wake kula mihogo ya pilipili na ndimu, mama alitupeleka sisi Jumapili, nami nawapeleka wangu. Pametengenezwa upya, pakazinduliwa Mashujaa Dei ya 2019, viti, njia za kutembea, kila kitu. Wanangu wapapenda kama palivyo. Mimi natafuta ule ukuta wa kukalia na sioni.

Dada, huo mti si mbuyu? Ukiwa mbuyu, wewe ni wetu.

#6 BintiMkunazini
MvitaAsili, shukran. Mti si mbuyu, shina halijavimba. Mjomba anasema mvinje, mama mkubwa anasema mkungu. Na kwa tunavyojua sisi, hakuna hata mmoja katika familia aliyefika Mombasa kabla ya miaka ya 80.

Mzee wa Vuga, shikamoo. Hapo kwenye Mnazi Mmoja zipo mbili nimefaidika, binti yangu hakuwa akijua.

#7 FundiWaMalindi
Nimesoma yote nikasema nichangie, maana kazi hii imepita mikononi mwa watu wangu. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa vyombo Malindi ya Unguja, akitengeneza mashua na majahazi. Kila ikikaribia Idi yeye na wenzake walikuwa wakiunda pembea. Wakiisimamisha siku mbili kabla ya mwezi kuandama, na Idi ikimalizika wanaivunja, mbao zinarudi kwenye kazi.

Nguzo mbili kila upande, boriti nene za mkoko, zimechimbiwa chini na kufungwa kamba za makumbi. Juu yake mhimili wa mvule, mviringo, unalala ndani ya makato yaliyopakwa shahamu, ile ile inayopakwa chini ya chombo. Kwenye mhimili mikono ya mbao iliyopishana msalaba, na kila ncha sanduku moja linaloning'inia kwa pini, ndiyo maana lilipopinduka gurudumu sanduku halikupinduka. Watoto wawili kila sanduku, wakiwa wembamba watatu. Hakuna breki. Msukumaji akitaka kusimamisha analidaka sanduku linaloshuka, analikumbatia kifuani na kukimbia nalo hatua mbili. Babu yangu alikuwa na kovu la kidevuni kwa hilo.

Kwa hivyo dada, mwanamme wa kikoi kwenye picha yako tazama mikono yake. Ikiwa imeinuliwa, anasukuma. Ikiwa imekunjwa kifuani, anasimamisha, na msichana yuko karibu kushuka.

Pembea hizi nilikuwa nikisikia zilikuwepo mbili wakati mmoja, moja Mnazi Mmoja na moja upande wa Forodhani. Kwa hiyo mama yako na mama yako mkubwa wanaweza wote kusema kweli.

#8 MzeeWaVuga
Fundi, Allah amrehemu babu yako. Lakini ya Forodhani mimi sikuiona. Niliyoiona Forodhani ni vibembea vidogo vya kamba kwenye miti. Pembea kubwa nnavyokumbuka ilikuwa Mnazi Mmoja peke yake.

#9 FundiWaMalindi
Mzee, nakuheshimu. Umezaliwa mwaka gani?

#10 MzeeWaVuga
1955.

#11 FundiWaMalindi
Basi babu alianza kabla yako. Nabaki na neno lake mpaka apatikane mkubwa zaidi.

#12 HesabuYaMwezi
Wakuu, mimi si wa pwani kwa kuzaliwa, nimeoa Tanga, lakini kalenda ni kitu ninachokipenda. Nimerudisha miaka ya Hijria nyuma. Toeni siku moja mbili kwa sababu ya kuandama mwezi.

Idi el-Fitri ya 1938 iliangukia wiki ya mwisho ya Novemba, wakati wa vuli. Ya 1958 iliangukia baada tu ya tarehe 20 Aprili, katikati ya masika. Ya 1968 iliangukia siku za mwanzo kabisa za Januari, kaskazi, jua kali.

Swali kwa mwenye uzi: ardhi kwenye picha ni kavu au tope? Kama kuna tope, ni 1958, msichana ni mama mkubwa, uzi umekwisha.

#13 BintiMkunazini
Ardhi ina weusi weusi chini ya pembea. Inaweza kuwa tope. Inaweza kuwa kivuli.

#14 KaskaziNaKusi
HesabuYaMwezi, kazi nzuri lakini umeacha vitu viwili.

Kwanza, 1968 ilikuwa na Idi el-Fitri mbili. Moja hiyo ya Januari, na nyengine ikaja Desemba mwaka huo huo, karibu tarehe 21, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Babu yangu akisema: "mwaka tuliosali Idi el-Fitri mara mbili."

Pili, na hili ndilo kubwa, "Idi Pili" maana yake nini? Mzee wa Vuga kaichukulia kuwa siku ya pili ya Idi. Kwetu Makunduchi wako wanaosema Idi ya pili wakikusudia Idi ya kuchinja, Idi el-Hajj. Ukiichukulia hivyo hesabu yote inabadilika: 1938 inakuwa Februari, 1958 inakuwa mwisho wa Juni, kipupwe kikavu, na 1968 inakuwa Machi. Tope la masika linaondoka.

#15 HesabuYaMwezi
Nimepiga hesabu upya na nakubali, hasa lile la Desemba 1968, lilinipita. Kuhusu Idi Pili nawaachia wenye lugha yao.

#16 MzeeWaVuga
Mjini Idi Pili ni siku ya pili. Ile nyengine tunaita Idi Kubwa au ya kuchinja. Aliyeandika nyuma ya picha alikuwa mtu wa mjini au shamba?

#17 BintiMkunazini
Babu ndiye aliyekuwa akiandika nyuma ya picha zote. Kazaliwa Makunduchi, kahamia mjini kwa kazi ya bandarini.

#18 KaskaziNaKusi
Si mmeona! Mtu wa kwetu huyo.

#19 MjukuuWaMuttrah
Salamu kutoka Maskati. Familia yetu iliondoka Unguja 1964. Bibi yangu mzaa baba alikuwa binti wa miaka kumi na sita alipoondoka. Nimemsomea uzi huu tangu mwanzo, kwa sauti, na nimelazimika kumsomea posti ya Fundi mara tatu.

Anasema: pembea ilikuwa Mnazi Mmoja. Msukumaji alikuwa akiimba, na watoto wa sandukuni wanaitikia. Wimbo ukikatika pembea inasimama, kwa hivyo watoto walikuwa wakiuzuia usikatike, wanaongeza maneno yao wenyewe. Nilimuomba aniimbie. Kaanza mstari mmoja, akasema uliobaki umekwenda.

Huku Maskati baba alikuwa akitupeleka Marah Land, pale Qurum, karibu na bahari. Kulikuwa na gurudumu kubwa la taa. Tulimsihi bibi apande nasi, kila mara akikataa, anakaa kwenye benchi na kahawa yake. Miaka yote nilidhani anaogopa. Jana usiku kaniambia alikuwa hapandi kwa sababu halina wa kuimba.

Kwake yeye, picha ni ya kabla ya 1964. Anasema baada ya hapo pembea haikuwepo tena.

#20 MzeeWaVuga
Mpe bibi salamu zangu nyingi. Lakini mwambie pembea iliendelea. Mimi nimeipanda 1965 na 1966. Yeye aliondoka, ndiyo maana kwake ilisita.

#21 MjukuuWaMuttrah
Nimemwambia. Kanyamaza muda, kisha kasema: "Alhamdulillahi, ikiwa iliendelea."

#22 WaTibirinzi
Nyinyi wa mjini hamuitaji Pemba hata kwa bahati mbaya. Chake Chake tulikuwa na kiwanja cha kufurahishia watoto, Tibirinzi, kama kile cha Kariakoo. Pembea za chuma, za mashine. Mimi mtoto wa miaka ya 70, nimezipanda mpaka zikaharibika, na zikiharibika tulikuwa tukizipanda vilevile, tunakaa ndani zimesimama na kujifanya zinakwenda. Mtu mmoja akiwa chini akitoa sauti ya mashine.

Hoja yangu: serikali ilipoweka hivi viwanja vya chuma, nani angekwenda kwenye pembea ya mti? Kwa hiyo picha lazima iwe ya kabla.

#23 FundiWaMalindi
La. Mbao na chuma vilikwenda pamoja muda mrefu. Mashine ikikosa kipuri husimama miezi, pembea ya mti haina kipuri. Mwisho wa babu kuisimamisha nilikuwepo, nilimshikia kamba, na mimi nimezaliwa 1974.

Kariakoo ya sasa, aliyoizungumza dada #1, ni ile iliyojengwa upya na ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, si ile tuliyoikuta sisi.

#24 SarafuNaStempu
Ndugu, kuna njia nyengine ya kuutafuta mwaka. Mama mkubwa anakumbuka alilipa nini? Kabla ya sarafu za Tanzania kuanza 1966, tulitumia za Afrika Mashariki, na senti tano na senti kumi zake zilikuwa na tundu katikati. Watoto walizitunga uzi na kuzivaa shingoni ili zisipotee. Za Tanzania hazina tundu. Tazama shingo ya huyo msichana kwa kioo cha kukuzia.

#25 BintiMkunazini
Wallahi moyo umenidunda. Kuna kitu shingoni! Mstari mwembamba. Lakini hakionekani ncha yake, kimeingia ndani ya gauni.

#26 KijanaWaMsasani
Hirizi hiyo. Watoto wa zamani walivalishwa.

#27 SarafuNaStempu
Inawezekana. Na hata ikiwa ni sarafu, nisiseme zaidi ya ninachokijua: zile za tundu hazikutoweka siku moja, ziliendelea kuzunguka miaka kadhaa baada ya mpya kutoka. 1968 haiondoki moja kwa moja.

#28 Shangani_Pwani
Nirudi kwenye Forodhani, maana naona marehemu mama hana wakili humu.

Pale palikuwa forodha na mabanda yake, na reli ya Bububu ilianzia hapo hapo, treni ikipita mjini mpaka ilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 20. Bustani ikaja katikati ya miaka ya 30, ikaitwa Jubilee Gardens, kwa ajili ya miaka ishirini na tano ya Mfalme George wa Tano. Kwa hiyo 1938 bustani ilikuwa mpya kabisa, kila mtu akienda, na bibi wa miaka sita angepelekwa huko. Na ukimpiga picha mtoto pale kwa kuelekea baharini, Beit el Ajaib, lile jumba kubwa linaloelekea bustani, iko mgongoni mwa mpiga picha, ndiyo maana haimo. Maji yamo, mlingoti umo, mti umo. Picha yote inasema Forodhani.

#29 MzeeWaVuga
Jubilee haikuwa ya Mfalme George, ilikuwa ya Sultani Khalifa bin Haroub. Alikalia kiti 1911, miaka ishirini na tano ni 1936. Ndivyo tulivyofunzwa skuli.

#30 Shangani_Pwani
Mzee, King George alianza 1910, jubilee yake 1935. Nimesoma yote mawili katika vitabu tofauti.

#31 MzeeWaVuga
Basi huenda wameunganisha. Lakini mimi nabaki na Khalifa.

#32 Pweza_na_Ndimu
Jamani mnanitia njaa na Forodhani yenu. Mimi naijua ya miaka ya 90, karabai kila meza, pweza, mishkaki, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Baba alikuwa akitununulia mihogo ya kuchoma kwanza ili tushibe, ndipo aturuhusu kuchagua mshikaki mmoja mmoja. Tukakaa ukutani, miguu inaning'inia juu ya maji, vijana wanaruka kichwa chini na watu wanawapigia makofi. Sasa vijana ni hao hao wa makachu wanaopigwa video na dunia nzima.

Ilipofungwa 2009 kwa ukarabati wa Aga Khan nililia kama mtoto.

#33 Shangani_Pwani
Ilifungwa 2008, ikafunguliwa katikati ya 2009. Mwenyewe nilikuwepo siku za mwanzo. Walivyoweka sehemu ya watoto kuchezea, mwanangu wa kwanza ndipo alipojifunzia kupanda ngazi.

#34 Pweza_na_Ndimu
Ahsante, sawa, 2008. Machozi yalikuwa yale yale.

#35 KijanaWaMsasani
Kwa kuwa tumeshafika kwa watoto wetu: sisi wa Dar sasa tunakwenda Kunduchi, kwenye michezo ya maji. Nilimpeleka baba yangu pale na wajukuu wake. Mzee wa miaka sabini na mbili kasimama chini ya lile bomba la kutelezea anaangalia wajukuu wanavyotoka kwa kasi na kuzama. Kila mtoto aliyetoka alimhesabu kwa kidole, hata wasio wake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema Magogoni, walipokuwa wadogo, kaka yao mkubwa alikuwa akiwahesabu hivyo hivyo kabla hawajarudi nyumbani, kwa sababu walikuwa saba na mama yao aliwataka saba.

#36 MvitaAsili
Kijana, hii ya baba yako nimeisoma mara mbili. Nyanya yangu naye alikuwa atuhesabu Lighthouse. Twapanda gari, ahesabu. Twashuka, ahesabu.

#37 BintiMkunazini
Nimerudi. Nilimpigia simu mama mkubwa baada ya Isha. Nilikuwa na orodha ya maswali kwenye karatasi: tope, sarafu, wimbo, mti, mikono ya msukumaji.

Tope hakumbuki. Sarafu, anasema hakuwahi kulipa, alikuwa akilipiwa na babu. Wimbo, nilipomtajia posti ya Muttrah alicheka, akasema msukumaji wao alikuwa bubu, akipiga mluzi. Mti kasisitiza mkungu kwa sababu waliokota kungu wakala.

Nikamuuliza sasa una hakika gani kuwa ni Mnazi Mmoja na si Forodhani. Akasema: "Hapo ni kwenye pembea. Kwani ilikuwepo nyengine?" Nikasema mama alikuwa akisema Forodhani. Akasema: "Mama yako alikuwa hajui njia. Alikuwa akibebwa."

Halafu kaniambia kitu ambacho hajawahi kunambia. Kwamba ilikuwa ikinuka sifa, yale mafuta ya papa. Kila ikija Idi hata leo, akipita penye samaki anahisi kama amevaa gauni jipya.

#38 FundiWaMalindi
Dada, nimesisimkwa. Ila niweke sawa: kwenye mhimili ni shahamu, si sifa. Sifa ni mafuta ya papa, inapakwa ubavuni mwa chombo, ubao usipasuke kwa jua. Kama pembea ilikuwa ikinuka sifa, basi mbao zake zilitoka kwenye jahazi kuukuu lililovunjwa. Hilo lilikuwa likifanyika. Babu alikuwa na masanduku yaliyotengenezwa kwa mbao za mashua, mbavuni bado yana matundu ya misumari.

Mwambie mama mkubwa ajaribu kukumbuka kama sandukuni kulikuwa na matundu ya duara.

#39 JiraniWaMuseum
Mimi naishi karibu na Beit al-Amani, lile jumba la makumbusho, naliona Mnazi Mmoja kila siku, na naomba niulize kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Mnasema Mnazi Mmoja, na mnasema maji nyuma. Lakini baina ya uwanja na bahari kuna hospitali, ile ya Karimjee Jivanjee, ikaitwa V. I. Lenin, leo Mnazi Mmoja. Kutoka kiwanjani huoni bahari wazi namna hiyo. Kama hospitali haimo kwenye picha, basi ama mpiga picha alikuwa upande mwengine, ama ni zamani kabla haijajengwa, na hapo mjomba na 1938 yake ananyanyuka.

Ama si bahari kabisa. Pale palikuwa na hori, mkono wa bahari, lililotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, likafukiwa kidogo kidogo. Maji hayakusahau. Mpaka leo likija bamvua kubwa, maji ya chumvi yanachomoza uwanjani na vijana wanasimamisha mpira. Mimi naona hayo ni maji ya bamvua yaliyotuama nyuma ya pembea.

#40 Shangani_Pwani
Na mlingoti? Umeota uwanjani?

#41 JiraniWaMuseum
Unaweza kuwa mlingoti wa bendera. Au nguzo ya pembea ya pili.

#42 MzeeWaVuga
Pembea ya pili haikuwepo.

#43 FundiWaMalindi
Mzee!

#44 WaBandarini
Mti mkubwa, maji, mlingoti, mbao zinazonuka sifa, babu anafanya kazi bandarini, fundi ni wa Malindi. Kwa nini hakuna aliyeitaja Mtini? Ule mti alioupanda Sultani Khalifa 1911, Mizingani, ambapo mafundi wa vyombo hukaa kivulini. 1938 ulikuwa na miaka ishirini na saba, shina si dogo. Fundi angeweza kuijaribu pembea pale kabla ya kuipeleka Mnazi Mmoja, na babu angemuweka binti wa mtu sandukuni kwa ajili ya picha. Aliandika M. Mmoja kwa kuwa ndiko ilikokuwa inakwenda.

#45 HesabuYaMwezi
Lakini ameandika Idi Pili. Hujaribu pembea siku ya pili ya Idi.

#46 KaskaziNaKusi
Ila kwa maana ya kwetu, Idi ya kuchinja, unaweza kuijaribu kabla yake siku yoyote.

#47 BintiMkunazini
Nawashukuru nyote, kila mmoja. Binti yangu kanisaidia kusoma posti, kisha akaichukua picha na kuitazama chini ya taa. Anasema kile kitu mkononi ni kipande cha muwa kilichomenywa, ncha moja imeng'atwa. Sikuwahi kukiona hivyo. Sasa naona muwa mtupu.

FundiWaMalindi, mikono ya mwanamme wa kikoi imekunjwa kifuani.

#48 FundiWaMalindi
Basi anasimamisha. Anamshusha.

#49 JiraniWaMuseum
Dada, bamvua kubwa likija nitakujuulisha. Uje na binti na picha, tusimame uwanjani tuyatazame hayo maji. Mimi nitapiga picha, yeye ashike muwa.

#50 MzeeWaVuga
Nijuulisheni na mimi. Naishi dakika tano kwa miguu, pamoja na bakora.

#51 MjukuuWaMuttrah
Bibi anauliza ni tarehe ngapi. Anataka tumpigie kwa video mkiwa pale. Kaukumbuka mstari wa pili.